Mchezo wa Tafuta Aibu

Kila ofisi ina mtu mmoja ambaye hakumbukwi mpaka printa igome. Katika chuo hiki mtu huyo aliitwa Fundi, na kwa miaka tisa hakuna aliyejisumbua kumwita kwa jina jingine. "Fundi, mtandao umekatika." "Fundi, kompyuta yangu inaandika yenyewe." Akienda akakuta mwalimu ameegemeza kitabu juu ya kibodi, hakucheka. Alikiondoa kitabu, akasema imepona, akarudi kwenye chumba chake kisicho na dirisha, kilichokuwa stoo ya mifagio kabla ya kompyuta kuingia chuoni. Asante aliipata kwa msimu.

Mtandaoni alikuwa mtu mwingine kabisa. Kulikuwa na kikundi kilichoitwa Baraza la Waya, watu mia nne na ushei waliotawanyika huku na kule: mafundi wa simu, walinzi wa seva, wauza vipuri, na wanafunzi wachache waliokuja kusikiliza wakubwa wakizungumza. Humo hakuna aliyetumia jina alilopewa na mama yake. Yeye alikuwa Bisibisi. Asubuhi mtu huleta habari ya teknolojia, wenzake wakaichambua mpaka saa ya chakula, na katikati ya kuichambua kila mmoja akamwaga uchungu wa kazi yake. Siku kampuni fulani ilipotangaza simu inayokunjwa mara tatu, Bisibisi aliandika: "Mshahara wangu unakunjwa mara nne na hakuna gazeti lililoutangaza." Watu mia mbili walicheka. Mwingine akalalamika kwamba bosi wake huchapisha barua pepe, huzitia saini kwa kalamu, kisha humpa azipige picha ili amtumie tena yeye mwenyewe. Bisibisi akamwambia ashukuru Mungu, maana wa kwake huipiga picha skrini ya kompyuta, halafu humwita kumuuliza kwa nini picha haisogei. Ulikuwa uongo mtupu, mkuu wa chuo hakuwahi kufanya hivyo, lakini barazani uongo mtamu haulipiwi ushuru.

Mkewe alikuwa akimtazama jioni, simu mkononi, meno yote nje. "Unacheka na watu usiowajua," alimwambia siku moja, "sisi unatuonyesha kisogo." Aliyasema bila hasira, huku akimvalisha mtoto mdogo fulana. Yeye akajibu mmh, kwa sababu alikuwa anamwelekeza mtu kuhusu betri.

Ukweli ni kwamba kichwa kilikuwa kimemvimba. Barazani likizuka bishano, mtu wa tatu au wa nne lazima aulize, "Bisibisi anasemaje?" na watu wangojee. Mtu anayeongea na printa kutwa nzima, akipata mahali anapongojwa aseme, atapapenda kuliko kwake. Kwa hilo simlaumu hata kidogo. Namlaumu kwa yaliyofuata.

Chuoni alikuwepo mtu mmoja aliyemwona kuwa mtu. Alikuwa mama mtunza matokeo ya mitihani, na wote walimwita Bi Masijala kana kwamba alizaliwa na mafaili. Miaka ishirini na sita alikaa katika chumba kile kile, kwanza na madaftari ya jalada gumu, baadaye na makabati ya chuma, mwishowe na kompyuta. Alama za maelfu ya wanafunzi zilipita mikononi mwake na haikuwahi kupotea hata moja. Hilo ndilo lililokuwa pambo lake. Wenzake walipojisifia nyumba na magari ya watoto wao, yeye alisema, "Mimi nitatoka hapa na jina langu kama nilivyoingia nalo." Ilikuwa imebaki miezi kumi na minne astaafu.

Kila siku saa nne alifungua chupa ya chai na kupanga vikombe vitatu: chake, cha Fundi, na cha mama wa usafi. Huyu mama wa usafi alikuwa mwanamke mwembamba mwenye kicheko kinachosikika ghorofa ya pili, amefagia jengo lile miaka kumi na tano. Yeye na Bi Masijala waliitana dada na mdogo wangu, na hawakuwa wakiitana hivyo kwa adabu tu. Binti yake alipochaguliwa kusoma chuo hicho hicho, Bi Masijala ndiye aliyemnunulia begi, akamshika mkono, akamwonyesha kila mlango. Fundi aliketi kati yao akiitwa mwanangu. Kwa nusu saa hiyo hakuna aliyemwomba atengeneze chochote.

Sasa, mwaka uliopita iliingia barazani habari ya kampuni moja ya mbali iliyovunjiwa mfumo wake kwa sababu ya neno la siri lililokaa miaka sita bila kubadilishwa. Wakaijadili wiki nzima. Bisibisi alipata moto. Aliketi akaandika kanuni tisa za usalama, akajisifia nazo barazani, akampelekea mkuu wa chuo, naye mkuu, ambaye hakuelewa hata mbili kati ya hizo, akatia saini kwa sababu zilikuwa zimepangwa vizuri. Neno la siri la kila mtu libadilike kila baada ya siku thelathini. Liwe na herufi kumi na mbili, tarakimu na alama ndani yake. Kanuni ya nne: ni marufuku kuliandika mahali popote. Wafanyakazi wote wakasaini fomu ya kukubali, Bi Masijala akiwa wa kwanza.

Maskini, mama yule aliweza kukutajia alama za mtu aliyehitimu miaka ishirini nyuma, lakini msururu ule wa herufi na nyota na mabano haukumkaa. Kila mwezi akikosea mara tatu mfumo unamfungia nje. "Mwanangu, mlango umenifungia tena," anapiga simu, na Fundi anapanda ngazi. Msimu wa kuingiza matokeo ulipofika alifungiwa mara tatu kwa siku moja. Mara ya tatu Fundi alifika anahema. Akachukua kikaratasi cha njano chenye gundi, akaliandika neno la siri kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa ili lisomeke bila miwani, akakibandika chini ya skrini.

"Si ulisema ni marufuku?" Bi Masijala akauliza.

"Kwa wengine, mama. Hii ni yetu wawili."

"Haya, wewe ndiye mwenye sheria," akasema, akacheka, akammiminia chai.

Tangu hapo, mwezi ukigeuka, Fundi alikuwa akibadilisha kikaratasi mwenyewe. Na wiki ile ile ya kikaratasi cha kwanza, Bisibisi aliwachekesha watu barazani kwa kuwasimanga wanaobandika maneno ya siri kwenye skrini. Hao, alisema, hufunga mlango kwa kufuli halafu ufunguo wakauning'iniza kwenye kitasa. Mkuki kwa nguruwe.

Barazani kulikuwa na mchezo wa kila Ijumaa mchana. Mwanachama mmoja huweka picha ya mahali pake pa kazi, na wengine huikuza na kuikagua pembe zote wakitafuta aibu: waya uliofungwa kwa kamba ya kiatu, kikombe chenye ukungu, feni iliyoota vumbi. Anayeiona wa kwanza ndiye mshindi, na mwenye picha hutaniwa hadi Jumatatu. Waliuita Tafuta Aibu. Picha isiyo na aibu ilikuwa haijapata kutokea, na Bisibisi alitaka awe wa kwanza.

Kwa wiki tatu alikuwa akilipanga upya kabati la waya za mtandao, ambalo lilikuwa katika chumba cha Bi Masijala kwa sababu ndicho chumba pekee chenye kufuli la kuaminika. Bluu na bluu, kijivu na kijivu, kila waya na lebo yake, zimelala sambamba kama nywele zilizosukwa. Ijumaa hiyo Bi Masijala alipotoka kwenda kula, Fundi alifungua milango ya kabati, akapiga picha kumi na mbili, akachagua moja yenye mwanga mzuri, akaituma.

Dakika kumi zilipita kimya. Walikuwa wakikagua. Kisha Mkongwe, mzee aliyelianzisha baraza lenyewe na ambaye kwake sifa ilikuwa adimu, akaandika: "Miaka saba ya mchezo huu, leo nimekosa la kusema." Bisibisi aliisoma sentensi hiyo mara tano akiwa amesimama kwenye korido, na mkuu wa chuo alipompita bila kumsalimu hata hakuona. Zikafuata pongezi, moja juu ya nyingine. Halafu akaingia mtu aitwaye Darubini, na hakuitwa hivyo bure. "Tazameni kona ya kulia," aliandika, "chini ya ile skrini." Akabandika kipande hicho amekikuza. Kikaratasi cha njano kilionekana, herufi kumi na mbili, zote zinasomeka, na juu yake kwenye skrini, nembo ya chuo.

Baraza liliangua kicheko. Mwalimu wa kanuni tisa. Mwenye ufunguo kwenye kitasa. Bisibisi alihisi masikio yanawaka, na hapo akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka linanitia kichefuchefu. Aliandika: "Hiyo si yangu. Ni ya bibi mmoja wa hapa ofisini. Nimemwambia mpaka nimechoka." Wakamwelewa mara moja. Kila mmoja ana bibi wa namna hiyo ofisini kwake, na kicheko kikahamia kwa Bi Masijala, ambaye wakati huo alikuwa kantini akipuliza supu.

Mkongwe peke yake hakucheka. "Ondoa picha, na ulibadilishe hilo neno sasa hivi," aliandika. Bisibisi aliiondoa, lakini ilikuwa imekaa dakika arobaini, kwa kuwa pongezi zilikuwa bado zinaingia. Kulibadilisha neno kulihitaji dakika mbili tu. Shida ni kwamba kanuni ya saba, ambayo aliitunga yeye mwenyewe, ilisema neno likibadilishwa kabla ya siku thelathini, sababu iandikwe katika daftari la mkuu wa chuo. Angeandika nini? Zilikuwa zimebaki siku tisa lijibadilishe lenyewe. Siku tisa si kitu, alijiambia, nani atahangaika na chuo kidogo kama hiki? Saa nane printa ya mkuu ikagoma, akaenda kuitazama.

Alhamisi iliyofuata mwalimu wa takwimu aliona mwanafunzi wake ambaye hakuwahi hata kuingia chumba cha mtihani amepata themanini na moja. Akaenda masijala uso umemsawijika. Bi Masijala akafungua mfumo, akafungua na madaftari yake ya pembeni, wakalinganisha mstari kwa mstari. Wanafunzi kumi na mmoja walikuwa wamepandishwa alama. Walipomaliza, mama yule alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaanza kulinganisha upya tangu mwanzo.

Mkuu wa chuo alimwita Fundi, na kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akamwambia aketi. "Wewe ndiye mtaalamu wetu," alisema. "Nataka ripoti. Nani, lini, kwa njia gani." Fundi alichunguza, na hakuhitaji hata saa moja. Mtu aliingia kwa jina la Bi Masijala, kutoka nje ya chuo, Jumamosi alasiri, siku moja baada ya mchezo. Hakukosea hata mara moja. Fundi akafungua orodha ya Baraza la Waya. Msikilizaji mmoja aliyejiita Mgeni wa Jana, ambaye katika miaka miwili aliwahi kuuliza swali moja tu, kama kuna mwanachama anayefanya kazi vyuoni, alikuwa amejitoa Jumamosi hiyo hiyo jioni.

Hapo ndipo njia panda ilipokuwa, na haikuwa na giza lolote. Akiandika habari ya picha na ya yule mgeni, Bi Masijala angeonekana alivyo: mama aliyeibiwa kwa kosa la mwingine. Huenda na mwizi angefuatiliwa. Yeye Fundi angefukuzwa, hilo nalo lilikuwa wazi. Alikitazama kioo mpaka kikajizima. Kisha akakiwasha akaandika: "Neno la siri lilipatikana kutokana na karatasi iliyobandikwa wazi kwenye skrini ya masijala, kinyume cha kanuni ya nne." Isome utakavyo, hutapata uongo ndani yake, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko kama angedanganya.

Nyumbani alimwambia mkewe nusu. Alimwambia kwamba kikaratasi kilikuwa na mwandiko wake, na kwamba mama wa masijala ameitwa mbele ya kamati. Mkewe aliacha kukunja nguo.

"Si useme tu ni wewe uliyeandika? Watakukaripia, utaandika barua ya kujieleza, yataisha."

"Si rahisi hivyo."

"Kuna ugumu gani? Yule mama alikuja hapa mtoto alipozaliwa. Alimwogesha huyu." Akamwonyesha kwa kidevu mtoto aliyekuwa akivuta kiatu sakafuni. "Sema kweli, baba. Karatasi haimfukuzishi mtu."

Alikuwa na haki, kwa nusu aliyopewa. Ile nusu nyingine mumewe aliimeza pamoja na chakula, akasema ataona, akachukua simu.

Kamati ilikaa Jumanne, watu watano upande mmoja wa meza ndefu. Kikaratasi cha njano kilikuwa kimetiwa katika mfuko wa plastiki kama ushahidi wa mauaji. Bi Masijala alivaa gauni alilolivaa siku za mahafali, akaketi mikono juu ya mapaja. Fundi aliwekwa pembeni, kama mtaalamu, na glasi ya maji mbele yake.

"Hiki ni nini?" mkuu akauliza.

"Ni kikaratasi kutoka kwenye skrini yangu."

"Nani alikiandika?"

Bi Masijala hakugeuza shingo. "Niliandika mimi."

Mwalimu wa takwimu, ambaye alikuwa na jicho la kuona tofauti, akakiinua kile kimfuko kwenye mwanga. "Mama, miaka yote nasoma mwandiko wako kwenye mafaili. Huu sio."

"Niliandika kwa herufi kubwa. Macho yangu si ya zamani."

Walimuuliza kama alisaini kanuni, akasema alisaini. Walimuuliza nani huingia chumbani mwake, akasema ni yeye, Fundi, na mama wa usafi. Walimuuliza kama anajua kitendo chake kimekigharimu chuo jina lake. Hapo akasema anajua, na kwamba yeye jambo la jina analijua kuliko wengi waliomo humo ndani. Kisha mkuu akageukia pembeni. "Fundi, una la kuongeza?"

Watu wote walimtazama, isipokuwa mama mwenyewe. Mkewe alikuwa amemfundisha la kusema, moyo wake ulikuwa ukilijua, na ulimi ulikuwa mzima. Alikunywa maji. "Hapana, mkuu," akasema. "Yote yamo kwenye ripoti."

Bi Masijala alifukuzwa kwa uzembe uliokithiri, bila kiinua mgongo, miezi kumi na minne kabla ya siku yake. Wale wanafunzi kumi na mmoja walirudishiwa alama zao za awali na kila mmoja akaapa kwamba hajui nani alimpa zile nyingine. Habari ilifika barazani kabla ya jioni, maana siku hizi habari haina kwao. Waliikumbuka ile picha. Nilitegemea angalau hapo wangemshukia, lakini wapi. "Pole sana, Bisibisi," waliandika mmoja baada ya mwingine. "Kufanya kazi na wazee ni mtihani." Mkongwe alimfuata kwa ujumbe wa faragha: je, ameueleza uongozi kuhusu picha? Bisibisi akajibu kwamba ameeleza, limekwisha. Mkongwe akamsifu kwa uungwana wake. Naye, niamini usiamini, akashukuru.

Ijumaa asubuhi Bi Masijala alikuja kuchukua vitu vyake. Walimu waliokuwa wakimsalimia kwa kuinama walipata ghafla shughuli nyingi madarasani. Fundi ndiye aliyembebea boksi: sweta, chupa ya chai, kalenda ya ukutani, viatu vya kubadilisha siku za mvua. Walishuka ngazi taratibu kwa sababu ya magoti yake, wakatoka uani kwenye maegesho ya magari.

"Usijitese, mwanangu," Bi Masijala akasema. "Nakuona hulali."

Fundi alilishika boksi upya.

"Mwandiko ule ni wako, najua, na wewe unajua. Lakini uliandika kwa kunihurumia mimi. Ningekutaja, tungeondoka wawili, na wewe una watoto wadogo. Wangu wameshajitegemea. Nilipiga hesabu nikaona mmoja anatosha."

Machozi yalimjaa Fundi. Alisimama na boksi lake mikononi, na maneno yote yalikuwa yameshajipanga mdomoni: mama, nilipiga picha, nikaituma, ilikuwa mimi. Akafungua mdomo.

"Ila kuna jambo moja silielewi," mama akaendelea. "Karatasi ile haikutoka mle chumbani hata siku moja. Basi nani aliisoma? Nimewaza mpaka kichwa kinauma. Tunaoingia ni watatu. Mimi siyo. Wewe siyo." Akatupa jicho langoni. "Na binti yake yuko mwaka wa pili, anawajua wote wale kumi na mmoja."

"Binti wa nani?"

"Unamjua. Tangu juzi nimemkataza kukanyaga kwangu. Amelia, ameapa kwa kaburi la mama yake. Mwizi gani asiyeapa? Miaka kumi na tano nimekunywa chai na mtu." Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Nimemwandikia mkuu barua, nimeiacha kwa karani wake sasa hivi. Nimemtaja yeye na mtoto wake, wachunguzwe. Sitaki mtu aonewe, mwanangu. Ndiyo maana nakuuliza wewe unayezijua mashine hizi. Je, inawezekana ilitoka kwa njia nyingine? Ukiniambia inawezekana, narudi sasa hivi naichukua."

Mama wa usafi alikuwa amesimama karibu na lango, ufagio ameuegemeza ukutani, mikono imelegea. Alikuwa akiwangojea. Walipokaribia alipiga hatua mbili mbele, akanyoosha mikono kulipokea boksi.

"Haiwezekani, mama," Fundi akasema. "Hakuna njia nyingine."

Bi Masijala alitikisa kichwa polepole, akampita mwanamke yule kama anayepita nguzo, naye akabaki na mikono yake hewani. "Dada," aliita mara moja, kwa sauti ndogo. Nje ya lango teksi ilikuwa inasubiri. Fundi aliingiza boksi kiti cha nyuma, akamshika mama mkono mpaka akaketi.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Bi Masijala akasema. Akauvuta mkono wa Fundi, akauweka shavuni, akaubakiza hapo kitambo. "Jengo lote lile, mwanangu, ni wewe peke yako uliyenisindikiza."